Gavana wa Ndizi

Sadoki alikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Katika ile zahanati ndogo ya misheni iliyokaa mlimani juu ya Maji ya Chai, mtu hakuchomwa sindano kabla hajachomwa maneno. Mzee aliyekuja na jipu kichwani aliambiwa asilitumbue kwa haraka, huenda ni akili inatafuta njia ya kutoka. Majina ya utani Sadoki aliyagawa kama vidonge vya malaria: Bwana Mvua, Mama Kengele, Mzee Robo. Na kila jina lilishika. Ukishapewa jina na Sadoki, lile la ubatizo lilibaki kwenye kitabu cha kanisa, huko likikungoja siku ya maziko.

Msidhani alikuwa mtu asiyeijua dunia. Vitani Burma alibeba machela miaka mitatu, akawatania wenzake waliokatika miguu mpaka nao wakacheka, na wawili kati yao walikufa huku kicheko bado kiko midomoni. Alirudi Meru na imani moja: mgonjwa anayecheka hajafa. Imani hiyo haikuwa na kasoro, isipokuwa kwamba mara nyingi aliyekuwa akicheka ni Sadoki.

Mwezi wa pili wa mwaka 1953, Eunike aliingia zahanatini na mimba kubwa mbele na mtoto mgongoni. Mtoto ni Mika, aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Watu wa nyumba ile walikuwa miongoni mwa waliohamishwa kwa nguvu na serikali kutoka Ngarenanyuki mwaka juzi yake. Ng'ombe wao wengi walifia njiani na wengine walifia walikofika, akabaki mmoja. Sasa walikuwa wamejibana kwenye kihamba cha ndugu, shamba la ukoo katikati ya migomba.

"Shikamoo, dakta."

"Marahaba, mama. Nani anaumwa hapo, wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma. Mtoto huyu simwelewi." Eunike alimketisha Mika mezani. "Hachezi."

Sadoki alimtazama. Mashavu yamejaa, miguu mizito inang'aa kama imepakwa mafuta, tumbo limetangulia, na uso ule wa mtu aliyeletewa kesi asiyotaka kuisikiliza. Benchi la wanawake lilikuwa limetega masikio, na Sadoki hakuwa mtu wa kulinyima benchi haki yake.

"Mama, wakubwa hawachezi. Wakubwa wanakaa, wanaletewa. Mtazame vizuri. Huyu si ni Gavana mwenyewe? Imebaki kofia ya manyoya tu."

Benchi likaangua kicheko, mmoja akajipiga paja. Eunike hakucheka. Kwa mtu aliyetolewa Ngarenanyuki, neno gavana halikuwa na utamu wowote.

"Na nywele zimebadilika," alisema. "Zilikuwa nyeusi."

"Zimekuwa nyekundu kama za Mzungu. Si ndiyo hayo nakuambia? Anakula nini?"

"Ndizi. Nilimwachisha ziwa nilipopata hii mimba, sasa yuko kwa mama mkwe. Anampondea asubuhi, mchana na jioni."

Mkononi mwa mtoto kulikuwa na kipande cha ndizi ya kuchemsha ambacho wala hakukila, alikishika tu. Sadoki alichukua chupa ya iodini akafanya ule mchezo wake ambao benchi halikuwahi kuuchoka: tone moja juu ya ndizi, na ndizi ikageuka, ikawa na weusi wa wino wa karani. Kisha tone jingine kwenye maji ya bakuli, na maji yakabaki na rangi ya kahawia hafifu.

"Mnaona? Huo weusi ndio wanga. Hiyo ni nguvu tupu. Gavana huyu amejaa nguvu mpaka zinamlemea. Mrudishe kwa bibi yake, mwambie asipunguze."

Kitabuni aliandika: *Mnene. Hana ugonjwa.* Eunike alimfunga mtoto mgongoni taratibu, kama mtu mwenye neno moja zaidi la kusema, kisha akaondoka nalo.

Jina lilifika kihambani kabla yake.

* * *

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza, lori la hospitali lilipanda mpaka zahanatini likimleta Bwana Reginald, mganga msaidizi kutoka mjini. Alikuwa Mchaga mpole aliyesoma Makerere, mwenye koti lililopigwa pasi hata kwenye mifuko. Sadoki alimkaribisha chai. Reginald alikishika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu ya baridi, akanywa, akafumba macho kidogo.

"Chai yako nzuri, Bwana Sadoki. Nzito. Una ng'ombe?"

"Wa jirani," Sadoki alisema.

Ukweli wa chai ile ulikuwa kabatini. Mwezi wa kwanza yaliletwa makopo matatu makubwa ya maziwa ya unga, na karatasi iliyosema ni kwa watoto dhaifu. Sadoki aliwatafuta watoto dhaifu, yaani wale wembamba, akawaona wanaruka mitaro na kuiba miwa. Basi siku moja sukari ilikuwapo, majani yalikuwapo, mwinjilisti alikuwa amekuja kusalimia, na kopo liko pale limejaa. Tangu siku hiyo chai ya zahanati ikapata sifa hadi barabarani. Hakuwa mchoyo, kila aliyepita alipata kikombe. Makopo mawili yalikwisha hivyo, na la tatu likaanza, kwa ukarimu.

Reginald alifungua mkoba akatoa picha. Sadoki aliona mtoto mwenye mashavu, miguu mizito, tumbo mbele na uso wa kesi. Mkono wake ulisimama juu ya kijiko.

"Huyu tulimpata bondeni huko," Reginald alisema. "Unaonaje?"

"Amenenepa," Sadoki alisema, lakini sauti haikuwa yake.

"Kila mtu husema hivyo. Yuko na njaa." Reginald aliisukuma picha karibu. "Sikiliza, nitakueleza nilivyoelezwa. Chakula na mwili vyote vimejengwa kwa vipande vidogo vilivyoungwa, vingi mno, kama mnyororo. Wanga ni mnyororo wa kipande kimoja kinachojirudia: sukari, sukari, sukari, mpaka mwisho. Mwili unaukata na kuuchoma kama kuni. Protini nayo ni mnyororo, lakini vipande vyake ni vya aina kama ishirini, na mpangilio wake ndio unaoamua kama itakuwa nyama, au unywele, au damu. Kuni hujengi nazo. Na kati ya hivyo vipande ishirini, vipo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima uvile: maziwa, maharage, nyama, yai."

"Na ndizi?"

"Ndizi inavyo, lakini kidogo sana. Tumbo la mtoto litajaa kabla hajavipata."

"Lakini mtu mwenye njaa hukonda, bwana."

"Huyu anavimba. Ndani ya damu kuna protini inayoyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Ikipungua, maji yanavuja, yanakwenda kukaa miguuni na usoni. Nywele zinakosa cha kujengewa, zinakuwa nyekundu na kung'oka. Na mtoto si kwamba hulialia tu, anaacha hata kucheza. Hiyo ndiyo dalili mama huiona kwanza." Reginald alibonyeza mkono wake mwenyewe kwa kidole gumba. "Bonyeza mguu hivi. Kama ni mafuta, panarudi. Kama ni maji, shimo linabaki. Umewahi kumpata wa namna hii hapa?"

"Bado," Sadoki alisema. Neno lilitoka kirahisi, kama yalivyotoka mengine yote maishani mwake.

"Ukimpata, mpe yale maziwa ya unga. Makopo yote matatu yapo?"

"Yapo."

Reginald alimaliza chai yake, akashukuru, akapanda lori. Mvua ilikuwa imeanza kuchonga njia nyuma yake.

* * *

Nyumbani, mkewe Nanyori alikuwa barazani anamalizia mwanga wa jioni kwa kutunga mkufu wa shanga wa harusi ya binti wa kaka yake. Nanyori ni Mwarusha, na kwao mkono wa mwanamke haukai bure.

"Baba Lemayian, leo umekula gundi? Mdomo umefungwa tangu umeingia."

Sadoki alitazama vibuyu vyake vya shanga. "Ukiishiwa nyekundu unafanyaje?"

"Nasimama."

"Lakini nyeupe unazo kibuyu kizima."

"Hata nikiwa nazo nyumba nzima. Hapa panataka nyekundu. Nikitia nyeupe si mkufu wa harusi tena, ni uzi una shanga."

"Na bibi harusi akija kesho?"

"Atavaa nusu." Nanyori aliinua macho. "Nani ameishiwa nyekundu?"

Alimweleza. Alianza na picha, akapita kwenye makopo, akaishia mwezi wa pili, kwa Eunike. Aliposema lile la kofia ya manyoya Nanyori alianza kutabasamu, kwa mazoea tu ya miaka kumi na mitano, kisha tabasamu likamfia.

"Mama wa mtoto alisema hachezi?"

"Alisema."

"Na wewe ukasema wakubwa hawachezi."

Sadoki aliisogeza sahani ya ndizi aliyowekewa mpaka ikafika ukutani. Kilichomuuma zaidi ni ule mchezo wa iodini. Chupa ile ilikuwa imemwonyesha kilichomo ndani ya ndizi, naye akashangilia. Tone la kuonyesha kisichokuwemo hakuwa nalo, wala hakuwahi kuliuliza.

Nanyori alikata uzi kwa meno. "Kesho uende. Lakini mdomo huo uuache hapa."

* * *

Asubuhi alipanda kihambani kwa mzee wa kike Tabea, mama mkwe wa Eunike, kopo la tatu likiwa begani ndani ya mfuko. Lilikuwa limebaki nusu na kitu kidogo. Njia ilikuwa tope, na migomba ilimmwagia maji shingoni kila alipopita.

Eunike alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita. Alikuwa ndani, kama ilivyo desturi: miezi mitatu hashiki jembe, hatoki, analishwa. Mtori wa ndizi na nyama ilipopatikana, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, mafuta ya ng'ombe, na maziwa yote ya yule ng'ombe mmoja, yaliyowekwa kwenye kibuyu juu ya mlango wake. Kukionja kibuyu cha mzazi ni aibu isiyosemeka. Hata baba wa mtoto hupita pembeni. Hivyo kila tone la maziwa na kila pande la nyama la nyumba ile lilipita mlango mmoja, na Mika alikuwa upande wa pili wa uwanja, kwa bibi, kwenye ndizi. Hakuna aliyemwonea. Kila mtu alikuwa anafanya vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dakta. Umekuja kumwona rafiki yako." Tabea alijaa furaha. Alikuwa na meno ya rangi ya chai na kitambaa safi kichwani. "Gavana hajambo. Siku hizi hata hasumbui kushuka."

Mtoto alikuwa kwenye kigoda karibu na moto. Ngozi ya miguu ilikuwa imepasuka na kubanduka kama rangi ya zamani kwenye mlango. Nywele zilikuwa chache, nyekundu. Sadoki alichuchumaa, akaushika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, akahesabu mpaka kumi. Alipotoa kidole, shimo lilibaki. Likakaa pale likimtazama.

"Mama, mtoto huyu anaumwa."

"Tangu lini?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, na Sadoki aliuona, akaupitia. "Itakuwa imeanza karibuni. Pengine na mvua hizi."

"Basi ni baridi," Tabea alisema, akanyanyuka palepale. "Nitamzidishia ndizi, za moto." Akakifunua chungu, akachota, akapuliza, na kijiko kikaanza safari ya kwenda mdomoni mwa mtoto.

Sadoki alikitazama kijiko kile. Uongo wake haukuwa umekaa hewani hata nukta moja. Tayari ulikuwa umeshika kijiko.

"Mama, weka chini. Si baridi. Ni mimi."

Tabea alisimama na kijiko mkononi.

"Mwezi wa pili alikuwa anaumwa tayari. Mama yake aliniambia. Mimi nikamcheka mbele za watu, nikasema ni mnene. Si unene ule, ni maji. Ndizi inamshibisha lakini haimjengi. Anahitaji maziwa, na miezi yote hii hakuyapata kwa sababu mimi nilisema haumwi."

"Uliandika kitabuni."

"Niliandika."

"Mimi nimesimama kanisani," Tabea alisema polepole, "nimeshukuru kwa ajili ya unene wake. Tumepoteza kila kitu kule, nikasema angalau huyu. Eunike aliponiambia mtoto hayuko sawa, nikamjibu, wewe unajua kuliko dakta?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Mlango ule pale."

Mwanamume wa nje haingii kwa mzazi. Sadoki alisimama uwanjani, chini ya matone ya paa, akauambia ukuta wa mbao. Aliyasema yote, hata makopo. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema maneno mengi kiasi kile bila mtu kucheka. Alipomaliza alisikia mtoto mchanga akinyonya.

"Nilikuambia hachezi," sauti ya Eunike ilisema.

"Uliniambia."

"Na nywele nilikuambia."

"Uliniambia."

"Mchukue," Eunike alisema. "Lakini usimwite lile jina."

* * *

Sadoki alimbeba mgongoni kwa blanketi kama anavyobeba mama, na Tabea akafuata nyuma na mwavuli wa jani la mgomba. Zahanatini walimpa kitanda cha chumba cha dawa. Maziwa aliyakoroga mepesi, na mafuta kidogo na sukari, akampa Mika kwa kijiko cha chai, kijiko baada ya kijiko, kila baada ya muda mfupi. Mtoto aligeuza uso. Mtoto wa namna hiyo, Reginald alikuwa amemwambia, hukataa hata kile anachokufia. Sadoki alikaa naye. Vijiko vitatu vilimwagika, cha nne kikapita.

Barua aliyompelekea Reginald ilijibiwa baada ya siku tano, ikiletwa kwa miguu kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. *Usimsafirishe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akianza kukonda usiogope, ni maji yanatoka. Maziwa mengine yatakuja njia ikipona. Makopo matatu yatakutosha bila wasiwasi.*

Sadoki aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya kopo. Kisha akafanya kile alichokuwa anakikwepa. Alipima kijiko kwa kijiko kilichobaki, na kilikuwa cha siku saba. Makopo mawili yaliyokwenda kwenye chai yangekuwa zaidi ya mwezi. Watu bado walipita kusalimia, wakachungulia birika.

"Siku hizi chai ya zahanati imepauka," Mzee Robo alilalamika.

"Ilikuwa maziwa ya watoto, mzee. Tuliyanywa," Sadoki alimwambia. Mzee Robo alingoja sehemu ya kuchekesha ifike. Haikufika. Akaweka kikombe chini.

Siku ya tisa uvimbe ulianza kushuka. Siku ya kumi ulikwisha, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hata barua haikumtayarisha nalo. Tabea alimvua mjukuu blanketi amwogeshe. Chini ya maji yale kulikuwa na kitoto cha mifupa. Mbavu, magoti, makalio yaliyokunjamana kama ya mzee, shingo ya ndege. Tabea alipiga yowe lililoleta benchi zima mlangoni.

"Mmemmaliza. Mmeninyang'anya mtoto mnene mkanipa huyu."

"Mama, huyu ndiye aliyekuwa ndani siku zote," Sadoki alisema. "Yule mwingine alikuwa maji."

"Ulisema ni mnene. Sasa unasema ni mifupa. Kesho utasema nini?"

Wanawake walitazamana. Mmoja wao alikuwa yule aliyejipiga paja mwezi wa pili. Walioahidi kuleta maziwa kidogo kutoka kwao hawakuleta kesho yake. Nani ampe maziwa mtu anayemkausha mtoto? Sadoki alikwenda mlango kwa mlango, akarudi na yai moja na maharage aliyopewa na Nanyori nyumbani kwake mwenyewe. Aliyachemsha mpaka yakavurugika, akayachuja maganda, akayachanganya na ndizi kidogo. Mika alionja, akatema, akaonja tena.

Siku ya kumi na mbili kopo likagonga chini. Sadoki alilikwangua kwa kijiko, akalisuuza kwa maji ya moto, yale maji nayo akampa mtoto. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alifikiri juu ya mkufu wa Nanyori ulioishia nusu, na juu ya vikombe. Alivikumbuka kimoja kimoja, nani alikunywa, alisema nini, walicheka nini. Mwinjilisti vikombe viwili. Mama Kengele. Reginald mwenyewe, na macho yake yaliyofumba.

Tabea alikuwa hayupo. Alitoka alfajiri bila kuaga, na Sadoki alijua kwamba amekwenda kuwaita wanaume wa ukoo wamchukue mtoto wao.

Tabea alirudi peke yake saa nne, amelowa mpaka kiunoni, na kitu chini ya shuka. Alikitoa akakiweka mezani, mbele ya macho ya benchi lote. Kilikuwa kile kibuyu cha juu ya mlango.

"Eunike amesema yeye atatosheka na mtori," Tabea alisema. "Nusu ya kila siku ni ya huyu. Nimemwambia ni aibu. Ameniambia aibu tumeshapata, imebaki mtoto." Aligeukia benchi. "Kama kuna mwenye neno, aniambie mimi, nimekibeba mimi."

Mama Kengele aliondoka kimyakimya, na mchana akarudi na mayai matatu ndani ya kitambaa, akayaweka kando ya kibuyu kana kwamba ameyasahau pale.

* * *

Siku ya kumi na tisa Sadoki alikuwa anafunga kidonda cha mtu aliposikia mlio kutoka chumba cha dawa. Ta, ta. Kimya. Ta. Alikwenda akachungulia. Mika alikuwa amekaa sakafuni, kopo tupu katikati ya miguu yake myembamba, kijiko mkononi. Alilipiga kopo, akainamisha kichwa kulisikiliza, akalipiga tena upande wa pili ili aone kama lina jibu jingine.

"Anacheza," Tabea alisema kutoka pembeni, kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kumshtua ndege.

Utani ulimjia Sadoki ulimini, umeiva, mzuri kuliko yote ya mwaka ule. Akaumeza. Akatoka nje akasimama nyuma ya zahanati mpaka macho yalipokauka, na mwenye kidonda akabaki na bandeji inaning'inia.

Njia ilipopona, Reginald alifika na makopo mapya. Alipewa kikombe. Alikitazama.

"Leo chai ya rangi?"

"Maziwa uliyokunywa siku ile ndiyo uliyokuwa unayauliza," Sadoki alisema. "Makopo mawili yalikwisha hivyo. Na nilipokuambia bado sijampata mtoto wa namna ile, nilikuwa nimempata miezi miwili kabla, nikamcheka. Yuko kitabuni. Sikufuta."

Reginald alikifungua kitabu, akasoma lile neno *mnene*, akakifunga. Pengine alikuwa anaikumbuka ladha ya ile chai.

"Nitaiandika hii," alisema hatimaye.

"Iandike."

Iliandikwa. Sadoki alipata karipio lenye mhuri, na kabati la maziwa likapata kufuli ambalo ufunguo wake alikaa nao mwinjilisti, aliyenywa vikombe viwili. Sadoki alisema ni sawa. Hakuacha kutania wagonjwa, maana mtu habadilishi mdomo kama shati, lakini kila mama alipomleta mtoto, yeye alimbonyeza kwanza mtoto mguu, kimya, akahesabu mpaka kumi, na benchi likajifunza kungoja. Majina mapya hakutoa tena. Watu walimletea watu wenye vichwa vya ajabu na mwendo wa ajabu, wamjaribu, alitikisa kichwa.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya ibada, alisimama kwenye uzio wa kanisa. Watoto walikuwa wanakimbizana kwenye majani, na mmoja wao, mweusi wa nywele, magoti yamechubuka vizuri, alikuwa mbele ya wote. Eunike alikuwa mlangoni na yule mdogo mgongoni. Aliona Sadoki anavyomtazama mwanawe. Hakutabasamu, hakugeuza uso.

"Mika," Sadoki aliita. Alikuwa na kipande cha muwa amemwekea. "Mika, njoo."

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kukimbia kana kwamba ameitwa mtu mwingine.

"Gavana, unaitwa," mwenzake akampigia kelele, naye akasimama palepale, akageuka, akaja mbio.